Ukimya wa ruta ya Mtwara

Juzi usiku mwanangu alimtumia bibi yake ujumbe wa sauti, kisha akakaa na simu mkononi akiitazama ile tiki moja ya kijivu. Baada ya dakika chache akaniuliza: "Mama, kwani Bibi hataki kutujibu?" Nilimwambia kwamba huenda simu ya Bibi imezimika chaji, au mtandao wa kule unasumbua, na kwamba tiki moja haimsemi Bibi kwa lolote. Aliridhika, akaenda kulala. Mimi usingizi ulinipaa, kwa sababu swali la namna hiyo niliwahi kulijibu vibaya, kwa maandishi, na sahihi yangu nikaiweka chini yake.

Yalikuwa masika ya mwaka 2014. Tawi la Mtwara lilikwama tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, wateja wakajaa ukumbini, na mkuu wa idara akataka maelezo kabla ya jioni. Nilifungua seva ya logi, yaani kompyuta ya kutunza kumbukumbu za matukio, pale Dar es Salaam, ambako ruta za matawi yote, vile vifaa vinavyounganisha tawi na mtandao, zilikuwa zikituma taarifa zake. Katika faili la Mtwara palikuwa na mstari wa saa mbili na dakika hamsini na nane, na mstari uliofuata ulikuwa wa saa saba na dakika sita. Katikati hapakuwa na neno. Nilipoingia kwenye ruta yenyewe nikakuta kwamba iliwashwa upya karibu na saa saba, na logi zake za ndani, ambazo hukaa kwenye RAM na kufutika umeme unapozimwa, zilianzia hapo hapo.

Fundi wa tawi, mzee wa makamo ya baba yangu, alinieleza kwenye simu kwamba aliizima mara moja tu, dakika chache kabla ya saa saba, baada ya kuhangaika na mkongo uliokuwa umekatika tangu asubuhi. Aliongeza kwamba njia ya akiba ya setilaiti ilikuwa ikipitisha kazi moja moja, kwa kusuasua. Neno hilo sikulifuatilia. Nilikuwa na hoja yangu, na niliiamini: katika mizani ya syslog, utaratibu ambao ruta hutumia kutuma logi zake, inayoanzia 0 kwa jambo zito kabisa hadi 7 kwa jambo dogo kabisa, kuanguka kwa njia huandikwa katika ngazi ya 3, na ruta zetu zilikuwa zimeamriwa kutuma kila kitu hadi ngazi ya 6. Kama mkongo ungekatika, ruta ingesema. Haikusema, kwa hiyo ilikuwa imezimwa. Niliandika hivyo, na mzee akapewa barua ya onyo.

Miezi mitatu baadaye tulipaswa kuipima upya ile njia ya setilaiti. Nilimpigia mzee asubuhi na mapema, kabla tawi halijafunguliwa. Kwenye kompyuta yangu nilikuwa nimefungua madirisha mawili: upande wa kushoto faili la Mtwara, likionyesha kila mstari mpya unapoingia, na upande wa kulia programu ya tcpdump, inayoonyesha kila ujumbe unaofika kwenye seva, niliyoiacha ikisikiliza lango la 514 la UDP, ambalo logi hupitia, bila kuichagulia anwani yoyote.

"Nauchomoa sasa, mwanangu," alisema.

Nilisikia kitako cha waya kikilia tiki. Kushoto, alama ya kuandikia ilikuwa ikiwaka na kuzimika, ikiwaka na kuzimika, na hakuna herufi iliyoongezeka. Kulia, baada ya sekunde chache, ulishuka mstari mmoja, kisha wa pili, kisha minne kwa mpigo. Maneno yalikuwa yale yale niliyodai kwamba hayakuwahi kutumwa: njia imeanguka. Nilirudi mwanzo wa mstari kusoma anwani ya mtumaji. Sikuikuta 10.20.12.2, anwani ya mkongo niliyoizoea kama namba ya nyumba yetu. Ilikuwa 10.77.12.2, ya setilaiti. Nilirudi tena kushoto. Alama ile bado ilikuwa ikiwaka na kuzimika, peke yake.

"Umeona kitu?" mzee aliuliza.

Sikujibu upesi. Nilikuwa nimeshaelewa yote. Ruta, isipoamriwa vinginevyo, huweka juu ya ujumbe anwani ya mlango ambao ujumbe unatokea. Mkongo ulipokufa, ujumbe ulitokea mlango wa setilaiti ukiwa na anwani nyingine, ukafika Dar es Salaam salama, na faiwoli ya seva, yaani mlinzi wake wa mtandao, iliyokuwa na kanuni ya kupokea anwani za mkongo peke yake, ikautupa mlangoni. Programu ya tcpdump huziona pakiti, yaani vifurushi vya ujumbe, zinazoingia kabla faiwoli haijazigusa. Ndiyo maana iliona kile ambacho faili halikukipata. UDP nayo, ule utaratibu wa kusafirishia ujumbe, haina stakabadhi, hivyo ruta haikujua kwamba haikusikika. Kanuni ile niliiandika mimi.

"Naona, mzee," nilimwambia. "Mkongo umekatika."

Marekebisho yalichukua chini ya saa moja: kila ruta ilipewa anwani moja ya ndani ya kutumia kama mtumaji, njia yoyote ipitie, na seva ikafundishwa kuzitambua anwani hizo. Siku hiyo hiyo niliandika taarifa ya pili, na mkuu wa idara akaisaini bila kubishana. Masjala walinieleza kwamba barua ikishaingia kwenye faili la mtumishi haing'olewi. Huongezewa nyingine juu yake. Basi yangu ikawekwa juu, na ile ya onyo ikabaki chini yake, na namba yake ya folio.

Nilimpigia mzee kumwomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole ambao hadi leo unanichoma: "Lakini mwanangu, mimi nilikwambia siku ile ile."