Kwenye Kaburi la Mfalme wa Nanyue

Kiwanda kilipotuambia mzigo wetu haujawa tayari, mzee wa Kipemba niliyekuwa nikinunua naye mali pale Guangzhou akaniambia, "Twende makumbusho, mwanangu. Si mbali na hapa Xiaobei."

Makumbusho hayo yapo penye kaburi la kale. Kaburi lenyewe liligunduliwa mwaka 1983, mafundi wakichimba kilima ili wajenge. Aliyezikwa humo ni Zhao Mo, mfalme wa pili wa Nanyue, ufalme wa kale wa kusini mwa China, aliyefariki mnamo 122 KK. Babu yake, Zhao Tuo, alitoka kaskazini na jeshi la Qin, dola iliyotawala China wakati huo, lililoiteka nchi ya Wayue, wenyeji wa kusini. Qin ilipoanguka akabaki kusini na kujifanyia ufalme wake. Mjumbe wa Han, dola iliyofuata baada ya Qin, aitwaye Lu Jia, alipomwendea mwaka 196 KK, alimkuta kafunga nywele kama Wayue, kakaa katanua miguu kama wao.

Hayo ya babu nilikuwa nimeyasoma. Ya mjukuu niliyaona kwa macho yangu. Alivishwa vazi la jade, jiwe la thamani, kama wakubwa wa Han walivyozikwa: vipande 2,291 vilivyoungwa kwa nyuzi za hariri. Kumbe vyungu vyake vya shaba nyeusi vinasema mengine: vya Kihan vina miguu mifupi minene, vya Kiyue miguu myembamba iliyotanuka nje, na vyote alizikwa navyo.

Pembe tano za ndovu zilimshangaza mzee. Maelezo yanasema ni za tembo wa Afrika. "Zama zile?" akauliza.

Mimi nilikawia kwenye muhuri wa dhahabu, upande wake sentimita 3.1 tu, mgongoni joka limejikunja. Umeandikwa cheo cha kaizari. Katika barua zake kwa Han, Zhao Mo alijiita mtumishi, akampeleka hata mwanawe akakae Chang'an, mji mkuu wa Han. Nyumbani kwake alikuwa kaizari. Mwana huyo aliporithi kiti, akaificha mihuri ya wazee wake. Mwaka 111 KK Han wakaja, wakaitwaa nchi.

Tulipofika kwenye habari za watu 15 waliouawa ili wazikwe naye, masuria na watumishi, mzee aliwaombea kimyakimya. Uchungu ulinishika. Ujenzi na vita vyote vile, na hawa hawakuulizwa.

Kaburi la Zhao Tuo mwenyewe halijapatikana mpaka leo. Natamani lipatikane ningali hai, nijue alichagua kuzikwa kama mtu wa kaskazini au kama Myue.