Jani nililodhani nimeliunguza

Jumamosi, usiku.

Leo kwa dakika kama ishirini niliamini nimeua jani.

Asubuhi niliteremka ziwani, upande wa Luchelele, nikang'oa yale majani ya majini marefu kama utepe. Ni membamba, mwanga unapenya, hayana usumbufu kwenye hadubini. Kwa taa hafifu niliona seli zimepangana kama matofali, na ndani yake kloroplasti, vile vichembe vya kijani ambamo mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga, zimetandaa, kila moja imeugeuzia mwanga uso wake mpana, kama dagaa walioanikwa mchangani. Kijani kitupu.

Nikaongeza taa nipige picha kwa simu. Mama naye akapiga: nipitie sato sokoni. Yakawa maongezi. Niliporudi kwenye hadubini, katikati ya seli peupe! Basi, nimeliunguza. Kuja kutazama pembeni, kumbe zimehamia huko zote, zimejibanza ukutani kwa ubavu, hii inaikinga ile, kama sisi saa saba mchana tukisubiri daladala kwenye kivuli cha ukuta wa duka.

Nikapunguza taa. Zikarudi, taratibu mno. Mwendo wenyewe huuoni, unashtukia tu pale palipokuwa peupe pana kitu.

Miaka yote nimewaambia wanafunzi mmea unapenda jua, nikaishia hapo. Sikuwaambia kwamba mwanga ukizidi unaharibu mitambo ileile ya usanisinuru. Mwaka 2002 watafiti wa Japani walionyesha kuwa mimea yenye hitilafu ya jeni, isiyoweza kuzikimbiza kloroplasti pembeni, iliumia zaidi kwenye mwanga mkali. Kinachotoa amri hasa ni mwanga wa buluu, unaonaswa na protini ziitwazo fototropini, na safari yenyewe hutegemea aktini, nyuzi nyembamba za protini zilizomo ndani ya seli. Jumatatu nitaanza kipindi kwa kuomba radhi kidogo.

Nyumbani nilimsimulia mama. Hakushangaa hata chembe. "Sasa mwanangu, jua la saa saba nani mwenye akili analikaa?"

Kesho nataka kubana kipande cha boksi kwenye jani la ua lake la barazani, lile lisilojua jua, kisha nilitoe nje kwa saa moja. Palipofunikwa pabaki kijani kilichokolea, kwingine papauke, aone mwenyewe. Ameshanionya: ua likifa, nitalilipa.