Stika ya Bima Kwenye Kioo Haimhusu Dereva: Fidia ya Dereva wa Lori Anapoumia Kazini

Kwa muda mrefu nimefanya kazi ya ukarani katika ofisi za uchukuzi hapa Nakuru, na sehemu ya kazi hiyo ambayo hakuna anayeipenda ni kujaza makaratasi ya dereva aliyeumia. Barabara yetu inajulikana. Kutoka Ngata hadi Salgaa, Sachangwan na Mau Summit, kabla ya magari ya Kisumu kuagana na yale ya Eldoret na Malaba, kuna miteremko ambayo kila dereva wa masafa marefu huizungumzia kwa tahadhari. Hata hivyo, majeraha mengi niliyoyaandikia fomu hayakutokea kwenye miteremko hiyo. Yalitokea lori likiwa limesimama: mtu ameteleza juu ya mzigo akifunga turubai, mlango wa konteina umembana vidole, au jeki imechomoka alipokuwa akibadilisha gurudumu usiku kando ya barabara.

Jambo ambalo madereva wengi hawalijui, na ambalo waajiri wachache huona haja ya kuwaeleza, ni kwamba bima ya lori si bima ya dereva. Stika iliyo kwenye kioo cha mbele inatokana na Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, inayomlazimisha mwenye gari kuwalinda watu wengine wanaoweza kudhuriwa na gari lake, na hata kwa hao malipo ya jeraha au kifo yana ukomo wa shilingi 3,000,000 kwa kila mtu. Sheria hiyo hailazimishi bima hiyo kumgharamia mfanyakazi wa mwenye gari anayeumia akiwa kazini. Bima kubwa inayoitwa komprehensivu nayo hulitengeneza lori, na ikiwa tajiri hakuongeza kipengele cha ajali binafsi ya dereva, basi kichwa cha lori kinaweza kurudishwa barabarani kikiwa kimepakwa rangi upya, huku aliyekuwa akikiendesha angali kitandani akihesabu madeni.

Kinachomlinda dereva ni Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo sote tunaiita WIBA. Sheria hiyo inamtaka kila mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima kutoka kwa kampuni iliyoidhinishwa, na hata asipofanya hivyo deni la fidia linabaki lake. Uzuri wake mkubwa kwa dereva ni kwamba haimuulizi kwanza nani alikosea. Nimewaona madereva waliokata tamaa kwa sababu polisi waliwashtaki kwa kuendesha bila uangalifu, wakidhani kwamba shtaka hilo limefuta haki yao, ilhali sivyo. Anayenyimwa fidia ni yule aliyesababisha ajali kwa utovu wa nidhamu wa makusudi, na hata huyo hanyimwi ikiwa ajali ilimletea ulemavu mkubwa au kifo. Hata aliyekiuka maagizo ya mwajiri, kama alikuwa akiitumikia shughuli ya mwajiri, bado analindwa katika majeraha makubwa ya aina hiyo. Ila aliyeiacha njiani shehena ya tajiri na kuelekea harusini Kakamega kwa lori la kampuni asitarajie mengi, kwa maana hapo hakuwa kazini.

Malipo yenyewe ni ya namna kadhaa. Gharama za matibabu zilizo za haki ni mzigo wa mwajiri, pamoja na usafiri wa kumfikisha majeruhi hospitalini na viungo bandia vikihitajika. Jeraha likimzuia mtu kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi, hulipwa kila kipindi kiasi kinacholingana na mapato yake hadi apone, lakini si zaidi ya miezi 12. Akibaki na ulemavu wa kudumu, daktari hukadiria asilimia ya ulemavu huo kwa kufuata jedwali lililo ndani ya sheria, ambamo kupoteza macho yote mawili, kwa mfano, ni asilimia 100. Asilimia hiyo huzidishwa kwa mapato ya miezi 96. Akifariki, wanaomtegemea hulipwa mapato ya miezi 96 pamoja na gharama za mazishi.

Hapo kwenye mapato ndipo madereva wanapoumizwa mara ya pili, nami ningependa msomaji anivumilie kidogo. Dereva wa masafa marefu mara nyingi ana mshahara mdogo ulioandikwa, kisha kila safari analipwa mileji, aghalabu kwa M-Pesa, isiyoonekana kwenye hati ya mshahara. Chukua dereva mwenye mshahara wa shilingi 20,000 na mileji ya kawaida ya shilingi 25,000 kwa mwezi, aliyekadiriwa ulemavu wa asilimia 30. Kwa mshahara ulioandikwa peke yake, fidia yake ni shilingi 576,000. Mileji ikihesabiwa, ni shilingi 1,296,000. Tofauti ya shilingi 720,000 inategemea tarakimu moja ambayo karani anaijaza katika nafasi ndogo ya fomu, akiwa na haraka, huku simu ya bosi ikilia.

Sheria inayahesabu malipo ya ziada yanayolipwa kila mara kwa kazi ambayo mtu huifanya kwa kawaida, lakini haihesabu pesa za kugharamia mahitaji maalum ya safari. Kampuni ya bima, ambayo ada yake ilitozwa kwa mishahara iliyotangazwa na mwajiri, itasema mileji ni ya chakula na malazi tu. Dereva atasema ndiyo ujira wake halisi. Mwenye ushahidi ndiye atakayesikilizwa: ujumbe wa M-Pesa wa miezi mfululizo, taarifa ya benki, karatasi za safari, au barua ya ajira inayoitaja mileji waziwazi. Maoni yangu, ambayo yamenigharimu urafiki na baadhi ya mameneja, ni kwamba mwajiri anayeficha mileji ili apunguze ada ya bima anakopa kutoka kwenye mguu wa dereva wake.

Kuhusu utaratibu, dereva au mtu kwa niaba yake anapaswa kumjulisha mwajiri kuhusu ajali mapema, kwa mdomo au kwa maandishi. Mimi husisitiza maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu, kwa kuwa tarehe yake haifutiki. Mwajiri naye ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini kwa fomu ya WIBA 1, na ajali ikiwa imeua, taarifa inatakiwa ndani ya saa 24. Waajiri wengine hulipa bili ya kwanza ya hospitali, humtumia mke wa dereva pesa za unga, kisha husema mambo yatatengenezwa polepole. Mambo hayo yakitengenezwa polepole kupita miezi 12 tangu siku ya ajali, haki ya kudai inaweza kupotea. Mwajiri akikaa kimya, dereva aende mwenyewe katika ofisi ya Usalama na Afya Kazini iliyo karibu, iwe Nakuru au Kisumu, akiwa na abstrakti ya polisi, karatasi za hospitali na uthibitisho wowote wa ajira. Dai likishawasilishwa, mwajiri au kampuni yake ya bima ana siku 90 za kulilipa.

Wapo wanaokimbilia kwa wakili siku ya kwanza ili wamshtaki tajiri mahakamani. Njia hiyo ilifungwa: Mahakama ya Rufani mwaka 2017, na baadaye Mahakama ya Juu mnamo Desemba 2019, ziliamua kwamba madai ya mfanyakazi dhidi ya mwajiri wake yaanzie kwa Mkurugenzi. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi, Mkurugenzi hutakiwa kujibu ndani ya siku 14, na baada ya jibu hilo kuna siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Ikiwa aliyesababisha ajali ni gari la mtu mwingine, mathalani basi lililohama upande wake, dereva bado anaweza kumdai mwenye gari hilo kwa njia ya kawaida.

Maswali mawili huniijia kila mara kutoka kwa wanaovuka Malaba na Busia. La kwanza ni la kuumia nje ya nchi: aliyeajiriwa Kenya na mwajiri ambaye shughuli zake kuu ziko Kenya, akiumia Kampala au Kigali akiwa safarini kwa muda, anastahili mafao kana kwamba ameumia hapa nyumbani. Aidha, Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya gari linalovuka mipaka, ambayo lori hulazimika kuwa nayo huko, husaidia matibabu ya dharura ya dereva, lakini haichukui nafasi ya WIBA. Swali la pili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na tanboi, yaani msaidizi wa dereva, kijana asiye na barua ya ajira na ambaye pengine tajiri hajawahi kumwona uso kwa uso. Mkataba wa mdomo unatosha kumfanya mtu kuwa mfanyakazi, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtwisha mwajiri asiye na mkataba wa maandishi jukumu la kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa. Kwa hiyo tanboi naye hujaziwa fomu ya WIBA 1, na malipo yake ya kila safari huandikwa katika nafasi ile ile ya mapato.