Mvinyo Niliouonja Bila Kumeza

Februari 2018 mimi na dada yangu tulikodi gari Cape Town, tukaelekea mashariki kuonja mvinyo kwenye mashamba madogo yaliyo kando ya barabara ya R62. Dada hana leseni, kwa hiyo usukani ulikuwa wangu safari nzima. Sheria ya Afrika Kusini inamtaka dereva awe na chini ya gramu 0.05 za kilevi katika mililita 100 za damu, nami sikutaka kuukaribia mpaka huo hata kidogo. Nilimwambia dada kabla hatujaondoka: kila nitakachoonja nitakitema. Alinihurumia. Aliona ni kama kwenda harusini na kubaki mlangoni.

Ukame ulikuwa mkali mwaka ule. Kuanzia tarehe 1 ya mwezi huo kila mkazi wa Cape Town alitakiwa atumie lita 50 tu za maji kwa siku, na hata sisi wageni tulioga tumesimama ndani ya beseni ili maji yale yamwagiwe chooni. Nilijiuliza kama ilikuwa haki kwenda kutafuta anasa katika nchi yenye kiu. Swali hilo nilikuwa nalo bado tulipotoka upande wa pili wa handaki refu la Huguenot na kuanza kuyaona mashamba ya mizabibu.

Chumba cha kwanza cha kuonjea, karibu na Robertson, nakikumbuka kwa jambo moja tu. Kijana aliyetumiminia alituonyesha bonge la udongo mweupe wa chokaa, akasema udongo huo ndio unaowapa farasi wa bonde lile mifupa imara na mvinyo wao mweupe ukali wake wa kupendeza. Mengine yote aliyasema kama mtu aliyekariri. Watu walikuwa wengi, ndoo ya kutemea ilikuwa mwisho wa kaunta, na kila nilipoifuata niliona macho yakinisindikiza. Jioni tulipita chini ya mwamba uliotobolewa barabara pale Cogmanskloof, tukalala Montagu. Siku ya pili tulisimama Barrydale kwa muda mfupi, kisha tukaendelea.

Baada ya Ladismith barabara inaanza kujipinda katika mlima, inashuka hadi mtoni na kupanda tena. Ukitokea upande wa pili unaiona Calitzdorp iko bondeni, vilima vyake vyekundu, safu ya Swartberg nyuma yake. Joto lilikuwa la kukausha koo. Ni nchi inayofananishwa na bonde la Douro kule Ureno, na ndiyo maana zabibu za Kireno, Tinta Barocca na Touriga Nacional, zimestawi hapo. Wakulima wanazitumia kutengeneza mvinyo mtamu ulioongezwa nguvu kwa mtindo wa port, ingawa neno hilo hawaliandiki tena kwenye chupa. Kwa makubaliano na Umoja wa Ulaya jina limebaki la Wareno, na huku wanaandika Cape Ruby, Cape Vintage, Cape Tawny.

Shamba tulilolifuata halikuwa na kibao kikubwa. Chumba cha kuonjea kilikuwa kona ya ghala lenyewe: meza moja, glasi sita, na mlango ulioachwa wazi kuelekea mahali kazi inapofanyika. Mama mmoja wa makamo alitoka huko akijifuta mikono kwa kitambaa. Vidole vyake vilikuwa vya zambarau hadi kwenye kucha.

"Mmekuja wakati wa mavuno," alisema. "Mtaonja huku nafanya kazi."

Akatuongoza hadi kwenye birika pana la saruji, kina chake kama cha goti, limejaa zabibu zinazochachuka. Vijana wawili walikuwa ndani wakizikanyaga kwa miguu, polepole, bega kwa bega. Nilidhani ni onyesho la watalii. Mama akanieleza sababu, na maelezo yale ndiyo yaliyonifungua macho. Mvinyo wa kawaida mwekundu unaweza kukaa na maganda yake wiki nzima au zaidi, ukajichukulia rangi na ukakasi kwa wakati wake. Huu hauna wakati huo. Sukari ikipungua hadi karibu nusu, siku ya pili au ya tatu, wanamimina pombe kali ya zabibu, hamira inakufa, uchachukaji unasimama, na utamu uliobaki unabaki milele. Kwa hiyo yote yaliyomo ndani ya ganda lazima yatolewe kwa siku hizo chache. Mguu wa mtu unakamua ganda bila kuivunja mbegu, na mbegu ikivunjika inatoa uchungu. Akachota konzi akanionyesha: punje zilikuwa ndogo kama za choroko zilizovimba. "Ukame," akasema. "Maji kidogo, ganda nene. Zitakuwa chupa chache mwaka huu, lakini nyeusi."

Tulirudi mezani. Akanimiminia mvinyo mchanga, nikauzungusha mdomoni, nikainama juu ya ndoo nikiwa nimejificha nyuma ya kiganja.

"Unatema kama mtu anayeomba msamaha," akaniambia.

Nikamweleza kwamba mimi ndiye dereva.

"Sijakuuliza sababu, mwanangu. Tema vizuri. Mimi niko hapa miaka kumi na tisa, na sijameza hata tone."

Akajimiminia. Akavuta hewa kupitia midomo iliyobana, mvinyo ukagugumia, akasubiri akiwa amefumba macho, halafu akatema kwa mkupuo mmoja mwembamba ulioingia ndooni bila kuacha alama ukingoni. Dada aliacha glasi yake mezani akawa anamtazama.

Ni dada aliyemuuliza kwa nini. Mimi nisingethubutu. Mama alijibu huku akipanga glasi. Baba yake alikuwa kibarua wa shamba la mizabibu, na sehemu ya ujira wake alilipwa kwa mvinyo, kikombe cha bati mara kadhaa kwa siku, cha kwanza asubuhi kabla ya kazi. Utaratibu huo uliitwa dop. Sheria iliukataza, nao ukaendelea kwenye mashamba mengi miaka mingi baada ya sheria. Mama yake naye alikunywa, hata akiwa na mimba. "Mdogo wetu wa mwisho alizaliwa nao mwilini," alisema. "Shule ilimshinda. Kutembea vizuri kulimshinda."

Sikupata la kusema. Akanisaidia yeye, kwa kusukuma mbele yangu glasi ya Tawny iliyokaa kwenye mapipa ya zamani mpaka wekundu ukageuka rangi ya majani makavu. "Pua yangu ni nzuri kuliko ya mwenye shamba, na anajua. Hapachanganywi pipa hapa kabla sijanusa. Huu, zabibu zake nilizikanyaga mwenyewe. Sema unachokiona."

Nikasema njugu. Akatikisa kichwa. Nikarudia, nikavuta hewa kama yeye, nikatema bila kuficha uso. Nikasema ganda la chungwa lililokauka. Akatabasamu. Tukaendelea hivyo karibu saa nzima, kichwa changu kikiwa chepesi, kila glasi ikibaki na sura yake, na naamini ningekuwa nimemeza nisingeyajua hata nusu ya niliyoyajua siku ile. Dada naye mwishoni aliomba ndoo.

Tulinunua chupa moja ya Tawny. Usiku, gari likiwa limeegeshwa na ufunguo uko mezani, dada alimimina vidole viwili kwa kila mmoja, akaifunga chupa tena bila kuniuliza. Nikauweka mvinyo mdomoni. Mwili ulikuwa umezoea kusubiri ndoo, nikakaa nao muda mrefu kuliko nilivyokusudia, kisha nikameza.

"Unaona nini?" dada akauliza, kalamu mkononi.

Ganda la chungwa, nikamwambia. Asali iliyoungua kidogo. Chumvi, mwishoni kabisa. Akaandika, akaonja chake, akaikata chumvi na kuandika mlozi.