Soani, mji wa mawe ya kuazima

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Tukisoma Hesabu 13, macho yetu hukimbilia kile kichala cha zabibu, na mstari wa 22 tunaupita tu: kwamba Hebroni ulijengwa miaka saba kabla ya Soani ya Misri. Soani ndio mji gani? Magofu yake yapo hadi leo, kaskazini-mashariki mwa delta ya Nile, katika mkoa wa Sharqia. Wamisri wa kale waliuita Djanet, Wagiriki wakautamka Tanis, na Waarabu wanauita San el-Hagar, yaani San ya mawe.

Hayo mawe yana kisa chake. Farao Ramses wa Pili alikuwa na mji wake mkuu, Pi-Ramesses, kusini mwa hapo. Tawi la Nile lililoupitia likajaa tope, na mji ukafifia. Wafalme wa nasaba ya 21 ya Misri (yaani ukoo wa 21 wa watawala), kuanzia yapata mwaka 1070 K.K., wakakaa Soani na kujijengea kwa nguzo na sanamu zilizosombwa kutoka kule, jina la Ramses likiwa bado limechongwa juu yake. Hata Pierre Montet, mwanaakiolojia Mfaransa aliyeanza kuchimba hapo mwaka 1929, aliamini huo ndio mji wa Ramses. Kumbe siyo.

Ni Montet huyo huyo aliyekuta makaburi ya wafalme wa Soani, mwaka 1939. Psusennes wa Kwanza alilala ndani ya jeneza la fedha, barakoa ya dhahabu usoni. Mimi lakini nimeshikwa na jeneza lake la nje, la jiwe jekundu. Lilichongwa kwa ajili ya Merneptah, mwana wa Ramses. Mafundi walifuta jina la Merneptah na kuchonga la Psusennes, ila wakaliacha mahali pamoja, kwenye mkanda wa sanamu iliyolazwa juu ya kifuniko.

Na Merneptah ni nani? Ndiye aliyejigamba kwenye jiwe, yapata mwaka 1208 K.K., kwamba Israeli imeangamizwa, mbegu yake haipo tena! Israeli wakaendelea kuzaa. Yeye hata jeneza wakamchukulia.

Isaya 19:11 inawauliza wakuu wa Soani wanathubutuje kumwambia Farao kuwa wao ni wana wa wafalme wa kale. Nadhani ile kejeli inauma zaidi ukijua walikuwa wanaishi katikati ya mawe ya watu wengine. Nasi tusiwacheke upesi. Makanisa yetu mangapi yamegombana juu ya jina la nani liandikwe kwenye jiwe la msingi?

Wiki hii tusome Zaburi 78 yote, kwa sauti, watoto wakiwepo. Konde la Soani limetajwa humo mara mbili, mstari wa 12 na wa 43. Asafu, mtunzi wa zaburi hiyo, haelezi habari za jengo lolote la pale. Anasimulia alichofanya Mungu, na mstari wa 4 unasema wazi habari hizo apewe nani.