Saa Tatu, Saa Sita, Saa Tisa: Siku Moja Maishani Mwangu Nikiwa Muuguzi na Mkristo

Saa kumi na moja alfajiri

Naamka kabla mwanga haujaingia dirishani, na simu yangu iko chumba kingine, ambako niliiacha jana usiku kwa makusudi. Nilianza desturi hii baada ya kugundua kwamba kwa miezi mingi sauti ya kwanza kuingia moyoni mwangu kila asubuhi ilikuwa ya watu nisiowajua wakibishana juu ya mambo yasiyonihusu, na kwamba nilikuwa nikifika mbele za Mungu nikiwa nimekwisha kukasirika. Sasa nasoma zaburi moja, polepole na kwa sauti. Leo ni ya 130, inayosema juu ya nafsi inayomngoja Bwana kuliko walinzi wanavyoingoja asubuhi, na mtu aliyewahi kukesha na wagonjwa hahitaji kufafanuliwa maneno hayo.

Saa moja asubuhi

Tunapokea zamu. Wenzetu wa usiku wanatupitisha kitanda kwa kitanda, wakieleza nani alilala, nani alipandisha joto, nani amebadilishiwa dawa. Wodi yetu ina vitanda 18, na kwa kuwa wanaokwenda nyumbani wamechoka na wanaoingia wana haraka, ni rahisi taarifa ikawa ya namba tupu: wa 4 hakula, wa 9 analalamika maumivu. Sizipingi namba, maana zina kazi yake ya kuzuia makosa, lakini kila mara huuliza jina. Injili ya Yohana, sura ya 10, inasema kwamba mchungaji huwaita kondoo wake kwa majina, nami sijui njia nyingine ya kuanza kumtunza mtu. (Humu sitataja jina la mgonjwa yeyote, kwa sababu majina hayo nimekabidhiwa niyatunze.)

Saa tatu

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ana bahati ambayo wasomaji wa lugha nyingi hawana: saa zake hulingana na saa za Maandiko, kwa kuwa sisi nasi tunazihesabu tangu mapambazuko. Marko anaposema kwamba Yesu alisulubiwa saa tatu, na kwamba giza liliifunika nchi tangu saa sita hata saa tisa, hatuna haja ya kukokotoa chochote. Siku ya Pentekoste Petro aliwaambia watu kwamba wanafunzi hawakulewa, maana ilikuwa saa tatu tu ya mchana. Katika karne za mwanzo Wakristo walizishika saa hizo tatu kuwa nyakati za kusali, na watawa wamezihifadhi hadi leo. Mimi siwezi kuondoka wodini kwenda kupiga magoti, kwa hiyo nimejifunza kuziacha saa zenyewe zinikumbushe.

Saa tatu ya leo inanikuta na beseni la maji ya uvuguvugu, nikimwogesha mzee aliyepooza upande wa kulia kwa kiharusi. Kumwogesha mtu kitandani kuna utaratibu wake. Unaanza na uso, kwa maji yasiyo na sabuni, ukipangusa kila jicho kutoka pembe ya ndani kwenda ya nje. Unafunua ile sehemu tu unayoiosha na kuifunika kabla ya kuhamia nyingine. Unabadilisha maji yanapopoa au kuchafuka. Na unapomgeuza mgonjwa ubavu unachunguza visigino, nyonga na mfupa wa chini ya mgongo, mahali ambapo ngozi hubanwa kati ya mfupa na godoro, ikaanza kufa ikiwa mtu hageuzwi kila baada ya saa mbili hivi. Haya yote yanaweza kufanywa kwa mikono ya ustadi na moyo usiokuwapo. Nimewahi kuyafanya hivyo, na mgonjwa alijua.

Mzee huyu alizoea kuongoza watu. Siku za kwanza aligeuzia uso ukutani tangu mwanzo hadi mwisho. Leo, maneno yakimtoka kwa shida, amesema, "Mwanangu, haya si ya wewe kunifanyia." Nikamjibu, "Baba, niruhusu nimalizie mguu." Akanyamaza kitambo, kisha akautuliza.

Tunapoisoma sura ya 13 ya Yohana, karibu mara zote tunahubiriwa juu ya yule anayetawadha miguu: Bwana akajifunga kitambaa, nasi twende tukafanye vivyo hivyo. Ni kweli, na inatupasa. Lakini katika chumba kile kulikuwa pia na Petro, aliyesema kwamba Bwana hatamtawadha miguu kamwe, na nadhani Petro ndiye anayefanana zaidi na watu wa kizazi chetu. Tumelelewa tuamini kwamba mtu kamili ni yule asiyemtegemea yeyote, kwamba heshima ni kujitosheleza, na kwamba kuhitaji mkono wa mwenzako ni aibu ya kufichwa. Hata kanisani wapo wengi walio tayari kutoa na wachache walio tayari kupokea. Mzee aliyekubali kuuacha mguu wake mikononi mwangu alifanya jambo gumu kuliko langu, na laiti tungelihubiri jambo hilo mara nyingi zaidi.

Saa nne hadi saa sita kasorobo ni dawa, vipimo, madaktari wanaopita na simu za maabara. Kabla ya kila dozi najiuliza maswali yale yale tuliyofundishwa: mgonjwa ni huyu? Dawa ni hii? Kipimo, njia na wakati ni sahihi? Hapo sina sala ndefu; kuwa makini ndiyo sala yenyewe.

Saa sita

Yohana anaandika kwamba Yesu aliketi kisimani amechoka, yapata saa sita. Nimeushukuru mstari huo mara nyingi, hasa nikiwa na nusu saa tu ya kukaa.

Mwenzangu mdogo, aliyemaliza mafunzo mwaka jana, alikuja na simu yake. "Dada," akasema, "naomba unitazamie hii kabla sijairusha." Ilikuwa picha ya mkono wake juu ya mkono wa bibi mmoja wa wodini kwetu, uso haukuonekana, na chini yake aliandika maneno ya Mathayo 25 juu ya kumtendea Bwana kwa kumtendea mdogo. Picha ilikuwa nzuri, na namjua binti huyu: hatafuti sifa. Aliniambia kwamba vijana wenzake hawaoni kanisa likifanya kazi, wanaliona likigombana, na kwamba Yesu mwenyewe alisema nuru yetu iangaze mbele ya watu, wayaone matendo yetu mema.

Sikuwa na haki ya kumjibu kwa wepesi. Kanisa halijawahi kuogopa vyombo vya zama zake: nyaraka za Paulo zilisafiri kwa barabara za dola ya Kirumi, na kitabu kikubwa cha kwanza kuchapwa Ulaya kwa herufi za chuma zinazohamishika, katika karakana ya Johannes Gutenberg kwenye miaka ya 1450, kilikuwa Biblia. Siamini kwamba simu ni adui wa imani. Hata hivyo Mathayo 5, yenye nuru inayoangaza, inafuatwa na Mathayo 6, inayotuonya tusifanye wema ili tutazamwe na watu, na inayotaka mkono wa kushoto usijue afanyalo wa kuume. Bwana alisema yote mawili katika hotuba ile ile, na mkristo wa leo hawezi kuchagua moja na kuliacha lingine.

Nilimuuliza jambo moja tu: bibi anajua? Hakuwa anajua, alikuwa amelala. Tukazungumza hapo kwa utulivu. Nilimkumbusha kwamba katika mfano wa Msamaria mwema hatuambiwi jina la aliyejeruhiwa wala la aliyemhurumia. Tunaambiwa juu ya mafuta na divai, mnyama aliyembeba, na dinari mbili alizoachiwa mwenye nyumba ya wageni. Huduma imeelezwa kwa kina, na mtu aliyelala uchi barabarani amestiriwa hata katika masimulizi. Nadhani hicho ni kipimo cha kutosha kwa zama zetu za kamera: je, ushuhuda wangu unalipwa na nani? Ukinigharimu mimi, niutoe. Ukimgharimu mgonjwa faragha yake, wakati hana nguvu hata ya kusema hapana, basi nimechukua kitu kwake na kukiita zawadi. Binti aliitazama picha muda mrefu, akaifuta, na sikuona furaha yoyote usoni pake. Kwa hilo namheshimu, kwa sababu alichokuwa akikitaka kilikuwa chema.

Saa tisa

Petro na Yohana walikuwa wakipanda hekaluni saa ya kusali, saa tisa, kiwete alipowasimamisha mlangoni. Mimi nilisimamishwa mlangoni mwa stoo ya shuka na binti wa mgonjwa mwenye kisukari na kidonda cha mguu. Alikuwa amemsikiliza mhubiri kwenye simu akisema kwamba anayemeza dawa baada ya kuombewa ameikana imani yake, na alitaka mama yake aachishwe insulini.

Mafundisho ya namna hiyo hunitia uchungu, maana hugeuza upendo wa mtoto kuwa silaha dhidi ya mzazi. Sikumkemea. Nilimsimulia habari za Hezekia katika Wafalme wa Pili, sura ya 20: Mungu alikuwa amekwisha kuahidi kumponya, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uletwe, wakauweka juu ya jipu, akapona. Ahadi haikuifukuza tiba. Paulo alimwita Luka tabibu mpendwa bila kumtaka aache utabibu wake. Na Basili, askofu wa Kaisaria katika karne ya 4, alijenga nje ya mji nyumba za kuwatunzia maskini na wagonjwa, wakiwamo wenye ukoma. Nikamwambia pia, kwa sababu ni kweli, kwamba Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe mwilini mwake na haukuondolewa, wala hakuna aliyemwambia kwamba imani yake ilipungua.

Akauliza kama ningeweza kuomba pamoja nao. Sianzi mimi kamwe kumwombea mgonjwa kwa sauti, kwa kuwa mtu aliyelala kitandani hawezi kuinuka akaondoka asipopenda, lakini nikiombwa sikatai. Nilimuuliza mama mwenyewe kwanza, naye akanyosha mkono. Tuliomba kwa maneno machache. Kisha tukamwita daktari, akamweleza binti jinsi insulini inavyofanya kazi na hatari ya kuiacha, na dozi ya jioni ilichomwa kwa wakati wake.

Saa kumi na moja jioni

Naandika mafaili. Katika taaluma yetu tunafundishwa kwamba lisiloandikwa halikufanyika, na imani yangu inanifundisha kwamba Baba aonaye sirini hahitaji faili. Zamani nilidhani mafundisho haya mawili hayapatani. Siku hizi naandika kila nilichomfanyia mgonjwa kwa sababu muuguzi wa usiku lazima akijue ili amtunze vema. Kumbukumbu hiyo ni mali ya mgonjwa. Mguu ulioachwa mikononi mwangu saa tatu hauna mahali katika fomu: niliandika kwamba mgonjwa aliogeshwa, ngozi haina kidonda, amegeuzwa ubavu wa kushoto.

Saa moja jioni

Nakabidhi zamu. Wakati wa makabidhiano aliletwa mgonjwa mpya, akiwa hana fahamu sawasawa, na wenzangu wakampokea nikiwa tayari nimevua aproni.

Saa tatu usiku

Simu imerudi chumba cha pili. Sala yangu ya mwisho ni majina ya wodi, kuanzia mlangoni hadi dirishani, pasipo maombi marefu juu ya lolote: mzee wa kiharusi, mama na binti yake, bibi aliyekuwa amelala, na mwenzangu aliyefuta picha, ambaye jina lake naliongeza kwenye safu ya wagonjwa kwa kuwa leo alihitaji faraja kama wao. Nilipofika kitanda cha 7 nilikwama. Yule mgonjwa mpya nilimwona akipita na sikuuliza anaitwa nani. Nimemwombea kwa namba ya kitanda chake, na kesho saa moja asubuhi jina lake ndilo swali langu la kwanza.