Ofa ya mafuta ya ndege: nilivyoiendesha bila kuumiza kiwanja wala kumponza rubani

Kiwanja jirani kiliposhusha bei ya petroli ya ndege, pampu yetu ilinyamaza. Ndege zilezile zinazolala kwenye mabanda yetu zilikuwa zinaondoka asubuhi na mafuta kidogo, kisha zinarudi zimejaa. Wakati huo nilikuwa nasimamia mafuta kwa niaba ya klabu, na mwenyewe ni rubani, kwa hiyo niliwaelewa vizuri. Bima na matengenezo humjia mwenye ndege kwa vipindi, lakini mafuta anayalipia kila anaporuka. Akisikia kuna mahali yamepungua kwa asilimia 10, lazima afungue ramani.

Wenzangu kwenye kamati walitaka tushushe bei siku hiyohiyo. Niliwaomba tukae kwanza tupige hesabu, na hesabu yenyewe ilikuwa fupi. Chukulia kwamba katika kila 100 ya mauzo, 15 ndiyo inayobaki baada ya kulipia mafuta na usafiri wake. Ukitoa punguzo la 10, mkononi inabaki 5. Ili upate kile ulichokuwa unapata zamani, unatakiwa kuuza lita mara tatu. Na katika hiyo 5 bado kuna vichujio vya kubadilisha, mita ya pampu ya kuhakikiwa, tenki la kukaguliwa na makato ya mashine ya kadi. Kiwanja chenye ndege chache hakipati mara tatu kwa kuwagombania marubani walewale. Viwanja viwili vidogo vikianza kushushiana bei, marubani hufurahi msimu mmoja, halafu kimoja kati yao kinafunga pampu, na anayebaki bila mafuta karibu ni rubani yuleyule.

Hata hivyo, kukaa tu na bei yetu halikuwa jibu. Lililonifungua macho lilikuwa daftari la maboza, yaani magari ya tenki yanayotuletea mafuta. Petroli ya ndege zenye injini za pistoni, ile ya daraja la 100LL yenye rangi ya buluu, ina soko dogo sana ukilinganisha na petroli ya magari. Viwanda vinavyoisafisha ni vichache, na mara nyingi husafiri mbali kabla ya kufika kwenye kiwanja kidogo. Gharama ya boza kuja na kurudi haipungui sana hata likibeba nusu. Ukiagiza nusu boza kwa sababu tenki lako bado lina mafuta mengi, kila lita inakuja na mzigo mkubwa wa usafiri. Nilipopitia kumbukumbu zetu niliona kuwa tofauti kati ya kununua boza zima na kununua nusu ndiyo ingeweza kulipia punguzo. Tulichohitaji ni tenki liwe na nafasi ya kutosha siku boza linapofika.

Basi tukaamua ofa zetu zifuate fimbo ya kupimia tenki. Kama tarehe ya boza inakaribia na fimbo inaonyesha mafuta bado ni mengi, tunashusha bei hadi nafasi ipatikane. Tenki likiwa chini, bei inarudi palepale, jirani atangaze analotangaza. Wengine waliona huo ni ubahili. Mimi niliona ndiyo njia pekee ya kutoa punguzo ambalo kweli lina mtu wa kulilipia.

Upande wa marubani nao ulitaka hesabu, na niliwapigia kwa lita badala ya fedha, kwa kuwa lita hazibadiliki na bei. Ndege ya viti vinne aina ya Cessna 172 hutumia takriban lita 34 kwa saa. Tuseme unahitaji kununua lita 120. Punguzo la asilimia 10 hapo ni sawa na kupewa lita 12. Sasa, kwenda kwenye kiwanja cha bei nafuu na kurudi kukikuongezea dakika 20 hewani, umeshachoma zaidi ya lita 11. Ongeza kutembea ardhini mara mbili, na kupanda tena, ambako injini inakunywa zaidi kuliko inapokuwa imetulia angani, ujue faida imekwisha. Na injini yenyewe ina saa zake: nyingi za aina hiyo zimepangiwa kufumuliwa na kutengenezwa upya baada ya takriban saa 2,000. Kila dakika ya kufuata bei ya chini inakatwa humo. Ada ya kutua sijaitaja bado, ingawa viwanja vingi huiondoa kwa anayenunua mafuta.

Hesabu hiyo niliibandika ukutani karibu na pampu. Sikumkataza mtu kwenda kwa jirani. Mwenye safari inayopitia huko anafanya jambo la busara kujaza huko, na nilimwambia hivyo. Mwenye kuondoka kwa ajili ya mafuta tu ndiye niliyetaka ajue anachonunua.

Hadi hapo nilikuwa nafikiria fedha. Kilichonikosesha usingizi ni kile ambacho ofa inamfanyia rubani akiwa bado hajatua.

Angalia ofa inavyotangazwa kwa kawaida: nunua lita kadhaa au zaidi upate punguzo, leo tu. Rubani mwenye tenki lililojaa nusu hawezi kununua kiasi hicho, kwa hiyo anaanza kupanga aje na mafuta machache. Kanuni za kimataifa kwa safari ambazo rubani anaongoza ndege kwa kuona nje zinataka akiba ya dakika 30 mchana na 45 usiku, na hicho ni kiwango cha chini kabisa. Upepo wa mbele ukiongezeka kuliko ilivyotabiriwa, rubani wa kawaida anashuka kwenye kiwanja cha njiani na kuongeza mafuta. Rubani anayewania punguzo anajishawishi kwamba atafika. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, lakini masharti yetu yangekuwa yamemsukuma.

Msukumo wa pili huja wakati wa kuondoka, na huo niliuona kwa karibu. Mchana mmoja wa joto kali alitua kijana na abiria watatu, akaja moja kwa moja kwenye pampu.

“Mkuu, nijazie matenki yote mawili hadi juu, leo bei imekaa vizuri.”

Nilikuwa nimeshabana waya wa ardhi, ule wa kuzuia cheche za umeme tuli, kwenye bomba la moshi la ndege yake. Nikamuuliza, “Kapteni, na hao abiria unaendelea nao?”

“Wote, na mizigo yao.”

Tuliinamia bawa pamoja na kitabu cha ndege. Lita moja ya petroli hiyo ina uzito wa takriban kilo 0.72, kwa hiyo lita 100 ni kilo 72. Ni kama kumpakia mtu mzima wa tano kwenye ndege ya watu wanne. Kanuni wanayofundishwa marubani wengi ni kwamba uzito ukiongezeka kwa asilimia 10, umbali wa kuruka huongezeka kwa asilimia 20, na joto huongeza lake juu ya hapo. Alipomaliza kujumlisha alinyamaza kidogo, akasema, “Nipe 50 tu. Lakini hiyo bei si itanipita?”

Swali hilo ndilo lililozaa utaratibu tunaoutumia hadi leo. Nilimwandikia kwenye daftari kwamba ana haki ya lita zilizobaki kwa bei ileile, azichukue siku yoyote ndani ya mwezi. Akajaza 50, akaruka na nafasi ya kutosha. Alirudi baadaye akiwa peke yake akachukua salio lake.

Kuanzia hapo ofa zetu hazina kiwango cha chini cha kununua. Anayechukua lita 20 anapata punguzo sawa na anayechukua 150. Bei ya ofa ikitangazwa, rubani anajiandikisha kiasi anachokusudia, analipa, kisha anachukua kwa mafungu kadiri safari zake zinavyoruhusu. Nafasi kwenye tenki haiji siku moja, inakuja polepole, lakini kwa kuwa malipo yameshaingia tunajua mapema boza la ukubwa gani tunaweza kuliagiza, na lini. Kwa klabu ndogo yenye mtaji mdogo, kujua hilo ni msaada mkubwa kuliko pampu kuwa na foleni.

Foleni nayo nina neno nayo. Ofa ya siku moja, tena Jumamosi, huleta ndege nyingi kwa mpigo kwenye kiwanja kisicho na mnara wa kuongozea. Kila mtu anatangaza nafasi yake kwenye redio ileile, mmoja anakata mzunguko wa kutua, mwingine anasubiri katikati ya njia ya kurukia hadi wa mbele atoke. Pale pampuni, haraka huleta hatari ya aina nyingine: waya wa ardhi unasahaulika, kifuniko cha tenki hakikazwi, sampuli ya kuangalia maji na uchafu haichukuliwi kwa sababu nyuma kuna mtu anatazama saa. Kwenye viwanja vyenye petroli na mafuta ya jeti pamoja, kosa la kujaza yasiyofaa linaweza kuzima injini mara tu baada ya kuruka. Ndiyo maana mdomo wa pampu ya jeti hutengenezwa mpana usiingie kwenye tundu la petroli, lakini jicho la mjazaji bado linahitajika. Sisi tukapeleka ofa katikati ya wiki na kuzirefusha. Msongamano ukaisha.

Mapato ya pampu hayakupaa. Yalitulia, na hilo lilitosha. Mabadiliko makubwa niliyaona kwingine: ndege za wageni zilipokuwa zinakuja Jumanne au Jumatano bila presha, marubani walipata muda wa kuzungumza na fundi wetu, wengine wakampa kazi ya matengenezo, na mmoja mmoja wakaanza kuuliza kuhusu nafasi bandani. Kodi ya banda huingia kila mwezi, iwe mvua au jua. Kwa kiwanja kidogo, mafuta nafuu yana thamani hasa yanapomfanya mtu azime injini na kushuka.

Sasa hivi kinachonishughulisha ni petroli isiyo na risasi, yaani madini ya ledi, ambayo yamo kwenye 100LL tunayouza. Umoja wa Ulaya uliweka tarehe 1 Mei 2025 kuwa mwisho wa kutumia risasi ya tetraethili bila kibali maalumu. Marekani imelenga kuachana na petroli yenye risasi kwa ndege ndogo kufikia mwisho wa mwaka 2030, na tangu Septemba 2022 mamlaka yake ya anga, FAA, iliidhinisha petroli isiyo na risasi iitwayo G100UL kwa injini za ndege za pistoni. Kiwanja kitakachotaka kuuza ya zamani na mpya kwa pamoja kitahitaji tenki la pili, huku lita zilezile zikigawanywa kwa maboza mawili. Hesabu ya boza zima inaharibika hapo. Nimependekeza kwa kamati kwamba tukifika huko, ofa za mwanzo ziwe za petroli mpya peke yake, kwa utaratibu uleule wa kujiandikisha na kuchukua kwa mafungu, na kila anayejiandikisha aonyeshe kwanza hati ya kwamba injini yake imeruhusiwa kuitumia. Kamati imekubali sharti la hati. Ukubwa wa tenki bado tunaujadili.